Samaki Kwanza, Posa Baadaye

Siku Ahmednoor alipoleta tangi la samaki nyumbani, Rukiya alidhani mumewe amenunua dirisha. Wanaume wanne waliliingiza kwa mlango wa mbele, likakwama, wakalitoa, wakaung'oa mlango, wakaliingiza tena, na majirani wa mtaa wao pale Acocks Green, huko kwa Waingereza, wakatoka nje wakijifanya wana takataka za kutupa. Lilikuwa refu kama kochi la watu watatu, na ndilo lililochukua nafasi ya kochi la watu watatu. Kochi lenyewe lilipelekwa kwa jirani likae kwa muda, na tangu hapo linalaliwa na paka wa jirani.

Rukiya hakulalamika. Moyoni alikuwa anashukuru. Tangu goti limtoe mumewe kazini, kule Tyseley alikokuwa akitengeneza breki za treni, Ahmednoor alikuwa anashinda jikoni. Mwanamume ambaye maisha yake yote hakujua vijiko vinakaa wapi, sasa alikuwa na maoni kuhusu vitunguu. Alisimama nyuma ya mkewe akishika mkongojo, akimweleza kwamba moto umezidi. Kwa hiyo aliposema anataka kufuga samaki, Rukiya alimwambia afuge hata nyangumi, mradi wawe sebuleni.

Kosa lake lilikuwa kutosikiliza sharti lililofuata.

Binti yao wa pekee, Hibo, aliyekuwa akifanya kazi katika duka la miwani, alikuwa amepata mchumba. Kijana aliitwa Hamse, fundi wa lifti, wa huko Erdington, mwenye adabu na meno mazuri, na hakuna aliyempinga. Wanawake wa pande zote mbili walikuwa wameshazungumza, wameshapeana maziwa ya ngamia ya chupa na picha za vitambaa. Kilichobaki ni wazee tu: ami yake Hamse, Mzee Elmi, aje na wenzake waombe posa, baba mtu atamke neno, dua isomwe. Mzee Elmi alipiga simu kuuliza siku. Ahmednoor alimjibu kwa sauti ya juu, spika ya simu ikiwa wazi, nyumba nzima ikisikia.

"Mzee wangu, siku samaki wakiingia kwa maji, wewe njoo hata bila kupiga simu. Lakini siwezi kupokea posa ya msichana wangu nikiwa na boksi la maji matupu hapo sebuleni. Watu watasema aje?"

Jibu hilo lilionekana la busara. Watu wao hawapokei posa katika nyumba iliyo nusunusu. Wako wanaopaka rangi upya, wako wanaonunua mazulia, yuko mmoja huko Small Heath aliyejenga choo kizima cha wageni. Ahmednoor alikuwa anangoja samaki. Mzee Elmi akasema hakuna neno, samaki ni kitu cha wiki mbili tatu. Miti ya mtaani ilikuwa ndiyo kwanza inachipua.

Mshauri wa jambo hili alikuwa Surjit, Singasinga mzaliwa wa Kisumu, aliyefanya kazi na Ahmednoor kwa miaka mingi na ambaye gereji yake ilikuwa imejaa matangi hadi gari lake likawa linalala nje. Surjit alianza kwa kumuuliza rafiki yake anataka samaki gani. Hapo palikuwa na tatizo. Ahmednoor alitoka Garissa, katika ukoo wa wafugaji wa ngamia, na katika ukoo huo wote hapakuwa na mtu aliyemjua samaki kwa jina. Bibi yake mzaa baba alimweka samaki katika kundi moja na nyoka na hakutaka mjadala.

Ahmednoor akalifikiria jambo hilo kwa njia aliyoijua. "Ngamia anakula juu kwa mti," alimwambia Surjit. "Mbuzi anakula hapa katikati kwa vichaka. Kondoo anakula chini. Ndio unaweka wote pamoja na hawapigani. Sasa wewe niambie, samaki wa juu ni nani, wa katikati ni nani, na wa chini ni nani?"

Surjit alicheka mpaka akashika kilemba. Kisha akasema kwa heshima kidogo, "Bhai, lakini hiyo ndio yenyewe. Watu wanaandika vitabu juu ya hiyo."

Basi mipango ikaanza, na Rukiya akajua kwamba alikuwa ameondoshewa mtu jikoni ili aletewe ufugaji. Kila jioni Ahmednoor alikaa mbele ya lile tangi tupu na kueleza. Wa chini watakuwa kambare wadogo, wale wenye ndevu, wasiozidi kidole. Wa katikati watakuwa neoni, wembamba, wenye mstari wa buluu, ambao wakiwa peke yao wanaugua kwa woga, kwa hiyo lazima wawe kundi. Wa juu bado anafikiria. Anjeli ni mzuri, ana mapezi kama bawa, lakini akikomaa anawameza neoni, na ukimtazama wala haonekani kujuta. Na yule anayeitwa pleko dukani anauzwa akiwa mdogo wa kuhurumiwa, baadaye anakuwa kama mkono wa mtu mzima. Maelezo haya yote aliyaelekeza kwa Hibo, aliyekaa kwenye kona ya kochi lililobaki akitikisa kichwa na kuangalia simu yake. Kwa Rukiya alikuwa na maneno machache tu, na hata hayo yalipitia kwa Hibo: mwambie mama yako nataka chai, muulize mama yako kama ameona miwani yangu. Walikuwa wameoana muda mrefu, na mtindo huo ulikuwa umeingia polepole bila mtu kuualika.

Kwanza iliwekwa changarawe nyeupe. Surjit akapitisha kidole, akauma mdomo, akasema hii ina makali, itawakata kambare ndevu, na kambare asiye na ndevu hapati chakula. Ahmednoor aliumia kana kwamba ndevu ni zake. Changarawe yote ikatoka, na ikaenda kwenye kijia cha nyuma, ambako mpaka sasa inaingia kwenye viatu.

Ukaja mchanga. Mchanga lazima uoshwe, na mahali pa kuuosha pakawa bafu, kwa hiyo Hibo akawa anaoga kwenye ukumbi wa mazoezi. Baada ya kuoshwa, lazima uchaguliwe vijiwe. Ahmednoor alichukua sinia la Rukiya, lile kubwa la kuchagulia mchele, akamwaga mchanga, akaanza kuupapasa kama mtu anayetafuta pete. Rukiya alivumilia kidogo. Yeye ni mwanamke ambaye anaweza kuchagua gunia la mchele huku akigombana na mtu kwenye simu, na kumwona mtu akilidhalilisha sinia namna ile kulimshinda. Akamnyang'anya. Akapeta, akatikisa, vijiwe vyote vikakimbilia pembeni.

"Mwambie mama yako asante," Ahmednoor akamwambia Hibo.

Kuanzia jioni hiyo Rukiya alikaa sakafuni na sinia mapajani, akichagua mchanga, mumewe akihutubia. Hakuwa anapenda samaki. Alikuwa anataka kumwoza binti yake.

Kisha likaja gogo. Surjit alileta gogo la kupamba tangi, akasema lichemshwe litoe rangi. Nyumba nzima ilikuwa na sufuria moja tu ya kulitosha, na hiyo ilikuwa sufuria ya Rukiya ya biriani, iliyosafiri naye kutoka Eastleigh ikiwa imejazwa nguo. Alirudi kutoka kumjulia hali mgonjwa akakuta gogo linatokota jikoni kwake na maji yamekuwa meusi kama chai ya turungi. Idi ilipofika, biriani ilinukia kinamasi, na wageni wakaisifu sana bila kuomba nyongeza.

Maji nayo lazima yakomae. Surjit alieleza kwamba kuna vijidudu vizuri vinavyotakiwa kuota humo ndani kwanza, vile vinavyokula uchafu wa samaki, na bila hivyo samaki wanakufa. Akawa anakuja na vichupa vyake vya kupimia, anadondosha dawa, anatazama rangi. Siku moja akasema yako tayari. Rukiya alikuwa ameshashika simu ampigie Mzee Elmi, akamsikia mumewe anasema kwamba amegundua kitu: neoni juu ya mchanga mweupe hawaonekani vizuri, rangi yao inapotea. Lazima uwe mweusi.

Mchanga wote ukatoka. Ahmednoor akaliosha tangi kwa maji ya moto, akaosha na chujio, vile vijidudu vizuri vikafa vyote, na kazi ikaanza upya. Rukiya akachagua mchanga mweusi, ambao vijiwe vyake pia ni vyeusi, na yeyote anayedhani hilo ni jambo dogo akajaribu. Maji yakakomaa tena. Ahmednoor akasema mimea inataka udongo chini ya mchanga. Vyote vikatoka.

Huko Erdington watu walianza kuuliza. Mzee Elmi alipiga simu mara kwa mara, mwanzoni akicheka, "Samaki wameingia?" na Ahmednoor akijibu, "Bado, mzee, maji bado." Mwishoni Mzee Elmi hakucheka tena. Na mtu akikuomba uwangoje samaki wake mpaka majani ya mtaani yameanza kudondoka, una haki ya kujiuliza anakuambia nini.

Jumatano moja Hibo aliingia jikoni, akafunga mlango, akakaa juu ya ndoo ya mchele.

"Hooyo, they think it's a no," alimwambia mama yake. "Adeer Elmi amemwambia Hamse, kama ni hapana waseme hapana. He says there are other houses. Anampa mpaka mwisho wa mwezi."

"Na Hamse anasema nini?"

"He says he'll wait. Lakini hawezi kumkatalia ami yake forever. Amemlea." Kisha akalia, na Hibo si mtu wa kulia. Rukiya alimshika kichwa. Alimwonea huruma mwanawe, na wakati huohuo hasira ikampanda kama maziwa yanayofurika.

Alivaa koti, akatembea hadi gereji ya Surjit. Alimkuta akimlisha samaki mmoja mwenye sura ya karani.

"Surjit, niambie ukweli. Hayo maji yatakomaa lini?"

Surjit akaweka chini kopo la chakula. Alionekana mtu aliyechoka kubeba kitu. "Mama Hibo, hiyo maji iko sawa. Ilikuwa sawa zamani, na ikakuwa sawa tena, na hata leo iko sawa. Mimi kila nikimwambia iko sawa, yeye anabadilisha mchanga. Mwanzo nilifikiria anapenda kazi nzuri. Siku hizi nanyamaza tu. Nikimwambia iko tayari, anainuka haraka kutafuta ndoo, kama mtu anaogopa."

Rukiya alisimama pale katikati ya matangi yanayotoa mapovu, na jambo zima likamkaa sawa kichwani. Hakuwa na habari na samaki wala mchanga, yule mwanamume. Alikuwa anajificha nyuma yao.

"Ijumaa akienda msikitini," akasema, "wewe utanipeleka dukani."

Ijumaa, Ahmednoor alipotoka tu na mkongojo wake, Rukiya alimpigia Mzee Elmi. "Mzee, mume wangu alitoa neno mbele yako. Samaki wanaingia leo. Njooni baada ya swala." Mzee Elmi akauliza, kwa uangalifu, kama ni samaki hai.

Dukani alimwacha Surjit garini alinde nafasi ya kuegesha. Muuzaji alikuwa kijana mwenye pete puani, akamwona mwanamke wa makamo mwenye mtandio mrefu, akadhani amepotea njia. Akamwelekeza kwa upole kwenye samaki wa dhahabu. Rukiya akamwambia kwa Kiingereza chake cha pole pole kwamba hao wanataka maji ya baridi na yeye maji yake ni ya vuguvugu. Akamwambia mchanga wake ni mweusi, laini, umechaguliwa, chini yake kuna udongo wa mimea, na gogo lake limechemshwa. Kijana akamwonyesha anjeli. Rukiya akamwambia huyo mla wenzake abaki naye mwenyewe. Akamwonyesha pleko mdogo, wa kuhurumiwa. Rukiya hata hakugeuka.

Alichukua kambare wadogo, kundi, wenye ndevu kamili, aliinama akazikagua. Alichukua neoni, kundi. Wa juu akawaacha kwanza, kwa sababu zizi jipya halijazwi siku moja.

Ahmednoor aliporudi kutoka msikitini alikuta mifuko ya plastiki inaelea kwenye tangi lake, na ndani ya mifuko kuna viumbe vinamtazama.

Alisimama mlangoni na koti lake. "Nini hii?"

"Samaki," Rukiya akasema.

"Nani ameleta?"

"Mimi. Na Mzee Elmi yuko njiani."

Ahmednoor alitupa mkongojo kwenye kiti. "Mama Hibo, umeniharibia. Umenunua ovyo tu, kila kitu na kila kitu. Watauana. Unafikiria ni kumwaga tu? Ukiwamwaga hivyo watakufa kwa mshtuko, maji ya mfuko na maji ya tangi lazima yazoeane kwanza." Na huku akigomba hivyo alikuwa ameshakunja mikono ya shati, ameshafungua mfuko wa kwanza, anatia maji ya tangi kwa kikombe, kidogo, anangoja, kidogo tena. Mtu mwenye moyo huo hawezi kuacha kiumbe kife ili ashinde ubishi. Rukiya alikuwa amelitegemea hilo.

Akiwa ameinama vile, akaanza kuwatazama vizuri. Akahesabu kwa midomo.

"Hakuna anjeli," akasema.

"Akikua anakula neoni."

"Na pleko?"

"Anakuwa kama mkono. Mimi sina mahali pa kumweka."

"Wa juu hukununua."

"Watakuja baadaye. Haya maji ni machanga, hayawezi kubeba wote mara moja."

Ahmednoor aliendelea kuinama, kikombe mkononi. "Surjit amekuchagulia."

"Surjit alikuwa kwa gari."

"Sasa wewe haya umejuaje?"

"Umesema mwenyewe, Baba Hibo. Kila jioni."

"Nilikuwa namwambia Hibo."

"Hibo alikuwa na earphones," Rukiya akasema. "Tangu mwanzo. Alikuwa anasikiza mambo yake."

Neoni mmoja alitoka kwenye mfuko, akaingia majini, akasimama palepale asijue aende wapi.

"Nilikuwa nafikiria," Ahmednoor akasema, bila kugeuka, "huyu msichana akienda, hii nyumba itakuwa haina mtu wa kuongea na mimi. Kazi hakuna. Goti ndio hili. Nikasema acha samaki wachelewe kidogo."

Neno hilo lilimuuma Rukiya, na halikumuuma kidogo. "Mimi nilikuwa nani hapa? Friji?" akauliza. "Nimekaa hapo chini nikichagua huo mchanga wako, mweupe na mweusi. Najua samaki gani anaogopa na gani anajifanya. Kama ningeambiwa haya maneno mimi, si ningejibu?"

Kengele ikalia.

Wazee walikuwa watatu, wamevaa makoti mazuri na harufu ya udi, na kitu cha kwanza walichofanya ni kuinama mbele ya tangi kuhakikisha. Mzee Elmi alivaa miwani. "Wanatembea," aliwaambia wenzake. Waliketi kwa kubanana, maana kochi lilikuwa moja. Rukiya alikwenda jikoni kama desturi ilivyo, akamimina chai, akaacha mlango wazi kiasi cha kusikia. Mzee Elmi alianza kutoka mbali, kwa vizazi, kwa sifa za pande zote mbili, na alipofika mwisho akasema kwamba wamekuja kumwombea kijana wao Hamse mkono wa Hibo, na wanangoja neno la baba yake.

Baba yake alikuwa bado anadondokwa na maji viwikoni.

"Muulizeni mama yake," akasema.

Wazee wakatazamana. Hilo halikuwa katika utaratibu wowote wanaoujua. Lakini hakuna aliyekuwa tayari kungoja samaki wengine, kwa hiyo Mzee Elmi akakohoa, akainua sauti kuelekea jikoni. "Mama Hibo. Tunakuomba wewe, basi."

Rukiya akatoka na sinia la vikombe. Alikuwa ameingoja saa hii tangu miti haina majani. Alikuwa ameipigania, ameichagulia mchanga, ameidanganyia mume. Neno lenyewe ni moja, tumewapa, na alikuwa nalo tayari mdomoni tangu Machi. Akainua macho, akamwona Hibo amekaa kwenye ngazi, amejikunyata, ameshika magoti, vile alivyokuwa akikaa akiwa mdogo wageni wakija na yeye hataki kulala. Na neno likakataa kutoka. Hakuwa amejiandaa kabisa. Shughuli yote hii ya kumwoza, na hakuwa amefikiria hata mara moja kwamba ataondoka.

Vikombe vikaanza kugongana kwenye sinia. Wazee wakatazama chini. Mzee Elmi, masikini, akadhani ndiyo ile hapana aliyoiogopa, akaanza kutafuta fimbo yake.

Ahmednoor aliinuka kwa goti lake bovu. Akachukua sinia mikononi mwa mkewe, akaliweka juu ya kifuniko cha tangi.

"Tumewapa," akawaambia wageni. "Mama yake amekubali. Ngoja tu kidogo." Kisha akarudi kwenye kochi, akawaambia wazee wasogee, na wazee wakasogea, mmoja akakaa nusu hewani. Rukiya akaketi katikati yao, kando ya mumewe, akalia kwa sauti mbele ya wageni, na hakuna aliyemwambia anyamaze.